Sikio Lililokatika

Rafiki yangu, jana nilikwenda mtaa wa Rohero kuangalia picha za sokomutu, wale sokwe wa msitu wa Kibira, zilizotundikwa kwenye ukumbi mmoja. Kubwa kuliko zote inamwonyesha Madamu, yule mama mzungu aliyewachunguza zamani, ameketi chini ya mti na daftari magotini, sokomutu mmoja kizee karibu yake. Pembeni kuna nusu ya bega ndani ya koti la mvua la njano. Shule yangu iliishia darasa la tatu, nikamwomba kijana mlinzi anisomee. Akasoma kwamba mtu wa kwanza kuwafuata sokomutu wetu mpaka wakamzoea ni Madamu. Nikamuuliza, na hilo bega je?

"Hawakuandika, mama."

Hilo bega ni la baba yangu.

Tulikaa mtaa wa Nyakabiga. Baba alikuwa msituni majuma mawili, nyumbani mawili, ananuka moshi na majani mabichi. Alirudi na mavi ya sokomutu ndani ya mifuko, akayaosha uani kwa chujio, akaanika mbegu ili ajue wamekula matunda gani. Watoto wa mtaa walituimbia: "Baba yenu anafua mavi!" Bibi, akisonga bugari, aliwajibu bila hata kugeuka: "Haya yanatulisha. Ya kwenu yanalisha nini, zaidi ya nzi?" Ila siku baba alipoanika mbegu zile kwenye ungo wake, bibi alinuna siku tatu.

Baba hakujua kuandika. Alichora, kwenye daftari. Kila sokomutu na ukurasa wake: pua, makunyanzi, na zaidi masikio. "Sura inazeeka," alisema, "sikio halidanganyi." Jumamosi Madamu alikuja, akaketi kwenye mkeka wetu, akala maharage ya mawese kwa mkono kama sisi, akauliza huyu ni nani, mama yake ni yupi. Baba alijibu, yeye akaandika. Huko msituni pia baba ndiye aliyetangulia na panga, na ndiye aliyekaa mbele ya wale wanyama wa kwanza bila wao kukimbia. Madamu alipokwenda kwao alisema mbele ya bibi: "Zichunge hizi daftari zako. Nikirudi, kitabu kitakuwa na majina yetu mawili."

Halafu ikaja krizi, watu wakachinjana. Tulikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na godoro moja. Daftari zote baba alimwachia jirani, mama muuza karanga, maana yeye alibaki. Sifichi mtu hapa: mwenye lawama ni yeye.

Tuliporudi, bila kaka zangu wawili, juma lile lile nilinunua karanga kwake mara tatu, za moto, za chumvi, ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe. Karatasi ya tatu niliifungua nilambe chumvi. Nikakutana na mchoro wa baba: sikio lililokatika ncha, la yule sokomutu kizee ambaye baba alimpenda kuliko wote.

Bibi alimwendea yule muuza karanga. "Si ulipewa uchunge?"

"We mama, watu walikuwa wanakufa. Mi nichunge masura ya nyani?"

Baba hakugomba. Aliipangusa karatasi kwa shati lake, akaiweka chini ya godoro. Madamu aliporudi alitazama ukurasa ule mmoja, akasema pole sana, bila daftari wakubwa wake hawataamini kwamba kazi ni ya baba pia. Na huyu pia simfichi. Wakubwa hawakujua, sawa, lakini yeye alijua. Kitabu kilitoka na jina moja. Baba hakupanda tena Kibira; alilinda geti la watu mpaka akafa.

Leo kibanda cha karanga ni duka la simu, na uani kwetu wamejenga. Na mimi nina la kwangu, sijamwambia mtu mpaka leo: zile karatasi mbili za kwanza nilizitupa mtaroni bila kuangalia. Sijui zilikuwa na sura za nani.

Jana pale ukumbini nilitoa ile karatasi ya sikio, yenye doa la mafuta, nikaishikilia kando ya yule sokomutu wa kwenye picha. Sikio kwa sikio, ncha imekatika pale pale.

"Mama, usiguse picha!"

"Mwanangu, siigusi. Angalia tu hili sikio."

"Tunafunga, mama."

Nikaiachia karatasi ilegee kiganjani mwangu. Miaka yote hii, na bado inajisokota yenyewe kama pembe.