Homa ya Mama Mudogo

Juzi niliona mwanamke akipita mtaa wa Saio juu ya kinga, baiskeli kubwa ya kiume, nikamkumbuka mama mudogo wa kule Kasenyi, nilikokaa kwao nikiwa mutoto.

Alasiri moja wakubwa wote walikwenda salongo, kazi ya lazima ya serikali, kufyeka majani. Mama mudogo alisema iko na homa. Baba mudogo alipoondoka tu, mama mudogo akatoa kinga ya bwana wake.

"Shika nyuma, mutoto! Bwana akijua, atanikataza kabisa."

Barabara ya kando ya ziwa ilikuwa tambarare, bila gari hata moja, ikinuka samaki wa chumvi. Alianguka, akacheka, akapanda tena. Mimi niliamini kinga ni dawa ya homa. Mwishowe alinikimbia, kengele ikalia mbali, na nikabaki peke yangu nikisikiliza. Alirudi amelowa jasho.

Jioni baba mudogo aliniuliza, "Homa ya mama yako iko namna gani?"

Kinga sikuitaja. Nilisema kwa furaha, "Imeisha! Jasho lilimutoka toka hapa mpaka kwenye daraja."

Akamtazama mke wake, magoti yaliyochubuka, akainamisha kichwa. Nilidhani anashukuru Mungu.

Asubuhi nilimkuta baba mudogo na spana, anashusha kiti cha kinga kifikie kimo cha mke wake.