Viatu Vilivyobaki kwenye Lami

Mdogo wangu Ferhan ana kisirani. Nasema hivyo nikiwa dada yake niliyembeba mgongoni, kwa hiyo asitokee mtu wa kumtetea. Ukitaka kukiona kisirani chenyewe, jaribu kupanda kwenye lori lake na viatu. Ndani ya kabini ametandika zulia dogo alilolifuma marehemu mama yetu, ndara zake zimekaa pembeni, birika la chai limefungwa kwa kamba lisicheze, na kioo kinang'aa utadhani kuna harusi. Safari moja askari wa barabarani alitaka kukagua humo. Ferhan akamwambia, "Karibu, afande, ila viatu vibaki chini." Niliposimuliwa nilijua ameshawekwa ndani. Kumbe askari naye ana mama yake. Alivua, akapanda na soksi zilizotoboka, akakagua, akashuka anacheka.

"Hilo si lori," husema Jemshid, dereva mwenzake anayebeba saruji. "Huo ni msikiti wa magurudumu."

Kisirani hicho kina asili yake. Kwetu Silopi, mpakani mwa Uturuki na Iraq, mgeni anavua viatu mlangoni, na wakati yuko ndani anakunywa chai, mdogo wa nyumba huenda kuvigeuza ili ncha zielekee nje, mgeni akitoka atumbukize mguu tu na kwenda zake. Kwa mgeni ni heshima. Kwa anayegeuza ni kuinama. Baba yetu alikuwa mtu wa wageni, na Ferhan ndiye kitinda mimba. Aligeuza viatu vya wachungaji vyenye samadi, viatu vya wachuuzi, viatu vya watu waliokuja kuposa dada zake, mimi nikiwemo. Siku aliyopata lori lake la kwanza alisimama mlangoni pale pale akatutangazia, "Nimemaliza kazi hii. Viatu vya mtu sitaviinamia tena mpaka nazikwa." Akashika neno lake. Sasa ana mvi kichwa kizima, na nyumbani kwake anayegeuza viatu ni Rojda, mke wa mwanawe.

Mzigo wake ni mayai. Si ya kukaanga, ni ya kutotolesha. Anayachukua kwenye mashamba ya kuku upande wetu na kuyavusha mpaka ng'ambo, Iraq, kwenye mashine za kutotolea. Mayai hayo husafiri yakiwa yamelala. Mashine ya baridi inanguruma mbele ya tela, na maadamu inanguruma, mayai yanalala. Yakipata joto njiani yanaamka, na yai lililoamka kabla ya wakati linakufa kimya kimya, hujui mpaka siku ya kutotoa uone halikupasuka. Mimi jambo hilo limenishangaza maisha yangu yote. Tela zima la vifaranga ambao hawajawa vifaranga, wamelala gizani, na anayewalinda ni mdogo wangu huyu mwenye makelele.

Sisi wa Silopi tunakula foleni. Sijui niseme vipi vingine. Malori yanayongoja kuvuka lango la mpaka yalikuwa yakijipanga barabarani hadi huoni mwisho wake, nasi tukiyalaani kila asubuhi kwa moshi na honi, na kila asubuhi tukiyaendea kama mtoto anavyoliendea ziwa la mama. Fundi wa matairi aliishi kwa foleni. Kinyozi, fundi umeme, muuza chai, mwoka mikate, vivyo hivyo. Mimi Gulizar, mjane, nimelea watoto wangu kwa sufuria ya supu ya dengu na ngano ya bulguri, nikiwauzia madereva kwenye mgahawa wangu kando ya barabara.

Halafu ugonjwa ukaja, mpaka ukafungwa, foleni ikaondoka.

Siku ya kwanza nilitoka nje na mwiko mkononi nikasimama. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Nikasikia maji yanatiririka, nikadhani bomba limepasuka, nikaenda kuangalia. Hakukuwa na bomba. Ulikuwa mto. Nimeishi pale tangu nilipoolewa na sikuwahi kujua kwamba mto unasikika kutoka mlangoni kwangu. Ilikuwa sauti nzuri, nami niliiogopa, kwa sababu nilielewa kuwa kama mto unasikika, basi hakuna mtu anayekula Silopi.

Baadaye wakubwa wakatoa utaratibu. Mizigo itavuka, watu hapana. Dereva wa kwetu ataliingiza lori kwenye uwanja ulio katikati ya malango mawili, atashuka, atarudi nyuma ya uzio. Dereva wa ng'ambo atapanda, atalipeleka mzigo unakokwenda, kisha atalirudisha hapo hapo. Wasisogeleane, wasipeane mikono.

"Yaani mtu nisiyemjua akalie kiti changu?" Ferhan aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, barakoa imemshuka kidevuni.

"Ndiyo, na aguse usukani wako," Jemshid alimjibu kutoka upande wa pili wa barabara. "Na apigie watu honi yako."

"Heri nimwazime meno yangu."

"Meno yako nani atayataka, mzee?"

Ferhan aliliegesha lori, akakaa nyumbani, akamsumbua mkewe kwa wiki kadhaa. Kilichomtoa ni simu kutoka ng'ambo. Mwenye mashine za kutotolea alimwambia mabanda ya wafugaji yamebaki matupu. Hakuna vifaranga, wauza chakula cha kuku wamefunga, wachinjaji wamekaa, na mtu wa kawaida hawezi tena kununua kuku. Ferhan alisikiliza, akakata simu, akaenda kulitikisa zulia la mama.

Ilikuwa baada ya Idi, joto la huku limeshaanza. Aliingia uwanja wa kungojea akiwa na mzigo wake kamili, na humo akakwama, kwa sababu malori yaliyoruhusiwa kuvuka kwa siku yalikuwa machache na waliotangulia walikuwa wengi. Aliyekwisha kuingia hakuruhusiwa kutoka. Mimi nilikuwa na kibali cha kuwapelekea chakula, nikitundika vyungu kwenye uzio na kurudi nyuma, nao wakija mmoja mmoja kuchukua. Hivyo yote haya niliyaona kwa macho yangu.

Siku ya tatu nilimkuta Ferhan amepiga magoti chini ya lori na mpira mdomoni, ananyonya dizeli kutoka tangi la lori kuitilia mashine ya baridi. Supu hakuitaka.

"Imebaki kiasi gani?" nikamuuliza.

"Dada, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Jua likizama kesho itazimika." Alifuta mdomo, macho mekundu. "Yataamka, Gulizar. Yataamka yote humu ndani, nami nayasikiliza tu."

Kibali changu kilikuwa cha chakula tu, mafuta walinzi hawakuruhusu. Kituo cha mafuta kilikuwa nyuma yetu, unakiona kabisa, ila kwake kilikuwa mbali kama Maka. Na kuomba hawezi. Anapigana na kila mtu kwenye foleni, ataanzia kwa nani?

Hakuhitaji kuanza. Jemshid alishuka kwenye lori lake la saruji na dumu mkononi. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akaliweka chini, akarudi kinyumenyume mikono juu kama mwizi aliyekamatwa.

"Saruji yangu haina haraka," alipiga kelele. "Hata ikilala hapa mwaka, haitatotoa!"

Watu wakacheka. Kisha akashuka dereva wa mbao, akaweka dumu lake pembeni ya lile, akarudi. Akaja wa sabuni. Akaja wa vigae, mzee Selahattin, ambaye yeye na Ferhan walikuwa hawasalimiani tangu walipogombania nafasi kwenye foleni hiyo hiyo. Aliweka dumu, akatema mate pembeni kuonyesha kwamba hajasamehe, akaenda zake. Mmoja mmoja, kila mtu akisubiri mwenzake arudi kwanza, wakimsogelea bila kumsogelea, mpaka madumu yakajipanga mstari kwenye ile lami, ya manjano, ya bluu, jingine chupa tu ya maji iliyojazwa dizeli. Nilisahau chungu mkononi. Nimewalisha watu wale miaka mingi na nikadhani nawajua. Ferhan aliuangalia mstari ule, kisha akaanza kuyabeba madumu moja moja mpaka kwenye mashine.

Mashine ikaendelea kunguruma.

Zamu yake ilipofika aliliingiza lori uwanja wa katikati, akashuka, akarudi nyuma ya uzio niliposimama mimi na chungu cha mchana. Kutoka upande wa pili akaja kijana mrefu, barakoa usoni, masikio yamemtoka.

"We kijana! Jina lako nani?"

"Dilovan, mjomba. Wa Zakho."

"Umewahi kubeba mayai?"

"Nabeba nondo, mjomba. Na mabomba."

Ferhan alijishika kichwa. "Mungu wangu, wameniletea mtu wa nondo. Sikiliza! Breki usizikanyage, zibembeleze. Ukishavuka daraja kuna shimo kwenye lami, lipite kama unamvusha bibi yako. Hiyo sauti unayoisikia mbele ya tela, ikinyamaza simama hapo hapo unipigie. Usiimbe, usile, usiongee na simu."

"Kupumua je, mjomba, inaruhusiwa?"

"Polepole!"

Katika kuhangaikia mayai, jambo la viatu lilimtoka kabisa. Nililikumbuka mimi, nikasema moyoni, leo mdogo wangu anakufa kwa presha.

Dilovan alifungua mlango, akaweka mguu kwenye ngazi, akatazama ndani. Aliliona zulia. Alibaki hivyo kidogo, mkono umeshika mlango. Kisha akashuka tena chini, akainama, akafungua kamba za viatu vyake, vile viatu vizito vya kazi, akavivua, akaviweka sambamba kwenye lami kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu. Akapanda na soksi. Mlango ukafungwa, lori likaondoka taratibu mno, na viatu vikabaki pale pale vilipo.

"Viatu!" Ferhan alipiga kelele. "Kijana, viatu vyako!"

Kwa ngurumo ile angesikia wapi? Mlango aliozoea kuviacha mbele yake hauna magurudumu, naye hakukumbuka kwamba huu unayo.

Ferhan alikamata uzio kwa mikono miwili. "Dada, umeona?"

"Nimeona."

"Sikumwambia."

"Hukumwambia."

Alilifuata lori kwa macho mpaka likapotea. Nilimwona machozi yanaingia kwenye barakoa. "Mayai yatafika," akasema.

Haikupita muda akaja mpuliza dawa, amevaa nguo nyeupe mwili mzima na pampu mgongoni. Akaviona viatu, akatoa mfuko.

"Hivi vya nani? Vinakwenda kuchomwa."

"Usiviguse!" Ferhan alinguruma. "Ni vya mgeni wangu."

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Mpuliza dawa alitazama lami tupu mbele ya viatu vile. Ni mtu wa hapa hapa, hata kwa macho tu nilimtambua. Alirudisha mfuko wake, akavipulizia viatu dawa, juu, chini, mpaka ndani, akaendelea na njia yake.

Siku zilizofuata Ferhan hakutoka pale kwenye uzio. Kila aliyepita na pampu alimkumbusha kwamba viatu ni vya mgeni. Nilimtundikia chakula nacho kikapoa. Vile viatu viliungua na jua, ncha zake zikiwa zimeelekea mahali ambapo lori halipo, naye anavitazama kama vile mtu anatazama mlango wa chumba cha kujifungulia.

Lori likarudi mchana, lami inachemka kabisa. Lilisimama pale pale. Mlinzi akanyoosha mkono kumzuia Ferhan, asubiri mwenzake ashuke aondoke kwanza, ndio utaratibu. Ferhan akampita kama hajamwona. Alitembea mpaka kwenye viatu vile, akainama. Mdogo wangu Ferhan. Akakigeuza kimoja, akakigeuza cha pili, akavisawazisha ncha zikaelekea nje, akazilegeza kamba, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye mstari uliochorwa.

Mlango wa lori ulikuwa umefunguliwa. Dilovan ameona yote, amesimama kwenye ngazi na soksi zake, mkono kifuani.

"Mjomba, usinifanyie hivyo! Wewe ni rika la baba yangu!"

"Mayai?"

"Yalilala njia nzima, mjomba. Wamepokea, hakuna hata moja lililopata joto likatoka jasho."



"Basi vaa, mgeni wangu," Ferhan akasema. "Lami inaunguza."