Mwoga Aliyepigia Kinu Kura

Katibu wa chama cha mazingira ni mwoga wa kutajika. Lifti hapandi, na akizima jiko la gesi huunusa mtungi, hutoka, kisha hurudi kuunusa tena. Ndiyo maana alipotaka chama kiunge mkono kinu cha nyuklia ng'ambo ya mto, ukumbi mzima ulicheka.

"Dada, lifti yenyewe inakushinda, kinu utakiweza?" alipaza sauti jirani yake, fundi viatu.

Vidole vya katibu vilikuwa vikifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya maji, kama kawaida yao. "Nakiogopa sana," alisema, kwa ile sauti yake ya kusomea kumbukumbu za kikao. "Lakini joto lilimuua mdogo wangu kitandani, madirisha yote wazi. Tukizidi kuchoma makaa ya mawe, litarudi."

"Na mimi ninayekaa huko ng'ambo, mama?" aliuliza binti yake kutoka nyuma, mkono juu ya tumbo lake la mimba.

Vidole vilitulia. Katibu alimtazama bintiye, akatazama madirisha ya ukumbi, yaliyokuwa wazi bila upepo kuingia. Mwenyekiti alipoita kura, katibu alikuwa wa kwanza kuinua mkono, ule wenye chupa aliyosahau kuifunga, ikainama na maji yakamtiririkia hadi begani. Hakuushusha.