Lenzi Iliyosusa

Sabiha hakuwa mtu wa kununua vitu ovyo. Ukiishi kwa kupiga picha za harusi za Bagamoyo, ambako ukumbi wenyewe mara nyingi ni ua wa nyuma wenye karo la kufulia katikati, hujifunzi ubadhirifu. Unajifunza kusogeza ndoo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na lenzi mbili tu. Moja ilikuja na kamera yenyewe, ikafanya kila kazi, na hakuna kazi hata moja iliyoifanya vizuri sana. Ya pili aliiita hamsini, kama waitavyo mafundi wenzake, na hiyo ilikuwa haivuti wala haisukumi: ukitaka mtu aonekane mkubwa unamsogelea, ukitaka aonekane mdogo unarudi nyuma mpaka ukuta ukukatalie. Kwa hizo mbili alikuwa amewapiga picha nusu ya maharusi wa Magomeni na Dunda, na hakuna aliyerudi kulalamika, isipokuwa wale waliolalamikia sura zao wenyewe.

Sasa Mikdad, mpiga picha mwenzake wa upande wa Nianjema, alikuwa amehamia kwenye video na anauza lenzi zake mbili. Mfuko wa Sabiha ulitosha moja.

"Kaa nazo mpaka Jumapili, dada," Mikdad alimwambia. "Zijaribu zote. Utakayoipenda ibaki kwako, nyingine kuna jamaa wa Dar anaisubiri."

Kwa hiyo Sabiha akarudi nyumbani na mkoba mzito na mawazo mazito zaidi. Lenzi ya kwanza ilikuwa ya kuvuta, ndefu, nzito kama mchi. Ukisimama nayo barabarani unamwona kunguru juu ya mnazi anavyopepesa jicho. Ya pili ilikuwa fupi na pana. Chumba ambacho watu watano wakikaa wa sita anasimama mlangoni, yenyewe iliwaingiza wote pamoja na feni la darini. Sharti lake lilikuwa moja tu: lazima uwe karibu. Ukikaa mbali nayo, watu wanageuka punje za mtama.

Alishaegemea kwenye ile ndefu, na sababu alikuwa nayo. Kulikuwa na hoteli ndogo kule mbugani Saadani ambayo mwenye nayo alimwambia kwamba akileta picha nzuri za ndege na za tembo, kazi ipo. Kila aliyemuuliza alijibiwa Saadani, tembo, ndege. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu, nami sina budi kuisema hapa, maana ndiyo iliyomshika hasa.

Jumamosi ile alikuwa anaolewa Adila, na Adila alikuwa ameapa kwamba hapigwi picha na mtu mwingine ila mama yake mdogo. Mama mdogo mwenyewe ndiye Sabiha. Mama mzazi ni Rukaya, dada yake Sabiha, ndugu yake wa pekee, tumbo moja na ziwa moja. Na wawili hao walikuwa hawazungumzi tangu siku alipoolewa binti mkubwa wa Rukaya, dada yake Adila.

Siku ile Rukaya alimleta mpiga picha kutoka Dar. Hakumwambia mdogo wake lolote. Sabiha alijua pale alipomwona kijana wa watu anashuka kwenye gari na taa zake na miavuli yake. Maana aliyoipata ilikuwa moja: kazi yako inawatosha wenzetu, binti yangu mimi haimtoshi. Akasusa, na alisusa hasa. Hakuvaa sare, aliingia jikoni akashika mwiko, akakoroga pilau mchana kutwa, na alipoitwa mara kwa mara akapige picha na bibi harusi alijibu kwamba mikono ina mafuta. Toka hapo ikawa shikamoo na marahaba, basi. Adabu walikuwa nayo; kilichokosekana ni maneno yanayofuata baada ya salamu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na majirani walichukua kweli. Wakalima, wakapalilia, na kila mmoja alikuwa na lake la kuongeza kwenye shamba lile.

Sabiha alimkumbuka dada yake kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Lakini kuanza yeye? Hapana. Ndipo ile lenzi ndefu ilipompendeza. Angesimama upande wa pili wa ua, apate sura ya Rukaya mpaka kope, na asifike pale ambapo mtu hulazimika kusema kitu.

Alhamisi ikawa siku ya hina, nyumbani kwa Rukaya, wanawake watupu. Mlangoni palikuwa na kapu, kila mgeni anaweka simu yake humo, maana ndani vichwa viko wazi na viuno vimefunguliwa. Kamera iliyoruhusiwa ilikuwa moja. Sabiha akafika, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mwisho ya ua, kwenye tangi la maji, akasimama hapo. Akaanza kazi, na kazi ikamkubali. Mkono wa Adila na hina mbichi, shanga shingoni mwa mchezaji, jasho juu ya mdomo wa mpiga ngoma. Vyote vilimjia karibu, na yaliyokuwa nyuma yake yakayeyuka vizuri. Alifurahi peke yake pale kwenye tangi.

Alichosahau ni kwamba yuko Pwani. Kwetu ndugu wa damu akija shughulini akasimama kando asisogee, hakuna atakayesema yuko kazini. Amesusa. Na aliyesusa haachwi, anatumiwa watu. Kwanza ikaja sahani, kuku na maandazi, imefunikwa vizuri. Sabiha akashukuru, akaiweka juu ya tofali, akaendelea kuvuta picha kwa sababu mikono miwili haishiki kamera na paja la kuku. Sahani ikakaa. Inzi wakaiona, na wanawake wakawaona inzi. Minong'ono ikapita kwenye mkeka kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Basi akainuka Bimdogo. Huyu alikuwa mdogo wa bibi yao marehemu, na ndiye somo aliyewafunda Rukaya na Sabiha, na sasa anamfunda Adila. Alivuka ua mkono kiunoni, hana haraka, na ngoma ikapungua sauti yenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesusa nini tena?"

"Sijasusa, bibi. Ni lenzi hii. Inataka nikae mbali."

Bimdogo akaitazama ile lenzi juu mpaka chini, kama anavyomtazama mchumba aliyekuja kuposa bila wazee.

"Kumbe lenzi ndiyo iliyosusa. Basi iambie ije kula, chakula kinapoa."

"Bibi, wallahi nasema kweli."

"Sikukatalii, mwanangu. Mama yenu angekuwepo ningemwachia yeye haya. Hayupo. Keshokutwa wanakuja watu wa upande wa mume, watauliza yule mwanamke wa kwenye tangi ni nani. Tuwajibuje?"

Hakungoja jibu. Akarudi zake kwenye mkeka. Sabiha akaona aibu, akamega andazi, akalitafuna huku amesimama.

Jioni, baada ya kuswali magharibi, akafungua kompyuta kuzitazama picha. Zilikuwa nzuri. Niseme haki, zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alikuwa ameshika simu tayari kumwambia Mikdad ya kuvuta inabaki. Ndipo akamwona Rukaya.

Kwenye picha moja wanawake wote wanaitazama mikono ya Adila, na Rukaya, bakuli la hina mkononi, anatazama kwenye tangi. Kwenye nyingine wanacheka, wameangusha vichwa nyuma. Rukaya anatazama kwenye tangi. Sabiha akaendelea kupitia. Kila picha aliyokuwemo dada yake, macho yalikuwa kwa Sabiha. Katika mojawapo mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu anayetaka kuita jina kisha akajizuia. Wakati anapiga aliyaona macho hayo, lakini alikuwa akitazama kama yametoka wazi pichani au yamefifia, akajisemea kwamba dada leo kaipenda kamera. Sasa akayaona. Aliona pia kwamba nyusi za Rukaya zimeota mvi, na kwamba uso umekuwa wa mama yao kabisa, mpaka kale kamkunjo ka pembeni ya pua.

Akalia. Hasira nayo ilikuwepo, tusidanganyane. Alilia huku akiuliza ukuta, kama unanitaka si uniite? Lakini hakumwandikia Mikdad. Alizima simu, akalala.

Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha bibi harusi, akafunga ile lenzi pana. Chumba kilikuwa kitanda, kabati, Adila, Rukaya, Bimdogo na nusu ya ukoo. Ili lenzi ifanye kazi ilibidi apige goti ukingoni mwa kitanda, bega lake likigusa mkono wa dada yake, ambaye alikuwa akibana shela ya binti kwa pini. Alisikia harufu ya udi kwenye nguo za Rukaya. Akapiga picha ya kwanza, ya pili.

"Leo umekuja karibu," Rukaya alisema bila kugeuka.

"Hii ya leo ndivyo inavyotaka."

"Ile ya juzi ilinitisha. Nikasema haya, kasusa tena, na safari hii harudi."

Sabiha akateremsha kamera. Lilikuwa swali alilotembea nalo muda wote ule, na likamtoka dogo kuliko alivyotarajia.

"Dada, kwa nini mara ile ulimleta yule wa Dar?"

Pini ikasimama hewani. Bimdogo akawa ghafla anatafuta kitu chini ya mto.

"Nikulete wewe?" Rukaya akasema. "Halafu ukae wapi? Wenzetu wa upande wa mume walikuja na mama wadogo wanne, Sabiha, wanne, wamejaza mkeka na sare zao. Upande wetu mama hayupo, shangazi hawapo, nina mdogo mmoja. Nikasema huyu mmoja siku hiyo asishike kazi. Akae kando yangu, aonekane. Nikatafuta mtu wa kushika kamera. Nageuka kukutafuta, uko jikoni, umeshika mwiko ambao hakuna aliyekupa. Albamu nzima ile, mkeka wetu nimekaa mwenyewe."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Nani asiyejua mama mdogo anakaa wapi?"

"Mimi sikujua," Sabiha akasema.

"Basi ungeuliza. Si ulikuwa na mdomo? Ulichukua mwiko."

"Na pilau yenyewe ilizidi chumvi," Bimdogo akasema kutoka chini ya mto.

Kicheko kilichotoka hapo sina hakika nani alikianza, lakini ndugu wawili wale walicheka mpaka wakashikana mikono ili wasianguke, na kucheka kukageuka kuwa kile kingine, na Bimdogo akafoka kwamba wanja wa watu umegharimu kazi, wasiuharibu kwa machozi. Rukaya akajifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akatazama kamera iliyokuwa inaning'inia shingoni mwa mdogo wake, na akainamisha uso.

"Na leo tena uko kazini," akasema.

Ndipo Adila akanyoosha mkono uliojaa hina. "Nipe mimi, mama mdogo."

"Bibi harusi hashiki kazi!" Bimdogo akaruka.

"Kubonyeza tu, bibi."

Sabiha akasita. Kamera yake haikuwahi kushikwa na mtu. Akaitoa shingoni, akamvisha Adila juu ya dhahabu zake, akamwonyesha pa kubonyeza, kisha akapanda kitandani akakaa kando ya dada yake. Rukaya akamvuta amsogelee zaidi. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo Adila alibanwa na kabati, lakini lenzi ikawatosha wote.

Jumapili Mikdad akaja kuchukua lenzi moja, akapewa ile ndefu.

"Dada, unarudisha hii? Hii ndiyo kali."

"Najua."

"Na Saadani?"

"Saadani haihami, Mikdad. Tutaonana nayo."

Alisema hivyo, lakini alipoiona lenzi inaingia kwenye mkoba wa mwenzake, kuuma ilimuuma. Ilikuwa kitu kizuri. Akamsindikiza Mikdad mpaka barabarani, akarudi kuchagua picha za Adila.

Ile aliyoipiga Adila haikuwa picha ya fundi. Kichwa cha Bimdogo kimekatwa juu, mkono wa Sabiha uliokuwa pembeni umerefuka usivyo kawaida, na Sabiha mwenyewe amefumba jicho moja. Alitaka kuificha. Rukaya akaing'ang'ania, akataka ikuzwe kuliko zote, akaitundika sebuleni, pale mgeni akivua viatu ndipo macho yanapofika. Wageni huitazama, kisha huuliza imekuwaje picha ya harusi isiwe na bibi harusi. Rukaya huwaeleza kwamba bibi harusi ndiye aliyeipiga. Halafu, hata kama hawakuuliza, huweka kidole kwenye kioo na kuwaonyesha huyu aliyekaa kando yake, aliyefumba jicho, kwamba ni mdogo wake.