Simu Aliyoikata Agneta

Hebu niacheni niseme, maana watu wa Nyalenda mnapenda sana kumsema Agneta. Eti ameingiwa na pepo. Pepo gani! Mimi Jacinta nina mkono mmoja, lakini mdomo ninao mzima, na nimekuwa naye kwenye chama chetu cha walemavu tangu alipoanza kushona sare za shule, magongo yake yameegemea cherehani.

Chamani kila mtu ana pacha wake. Kukipambazuka unamflashia: simu inalia, anakata, anakuflashia naye. Maana yake, nimeamka salama. Hakuna kushika, utamaliza kredo ya mwenzio. Pacha akinyamaza, unaenda kwake mbio, hata kama huna miguu ya mbio.

Pacha wa Agneta alikuwa Dorca, mwanamke wa kiti cha magurudumu aliyeishi peke yake Nyamasaria. Asubuhi moja Dorca alipiga. Agneta akakata, akamflashia, akaendelea na pindo la sketi. Simu ikalia tena. "Huyu leo ana utani," akacheka, akakata tena. Mchana majirani walimkuta Dorca sakafuni, ameshakufa, simu mkononi.

Yawa! Tangu hapo Agneta husikia simu ikilia ndani ya sufuria, ndani ya mvua kwenye mabati. Hutoka mlangoni na magongo yake akauliza, "Ni wewe?" Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia.

Mwezi uliopita tulimpata Mathews, fundi wa mjengo aliyeanguka kutoka ghorofani huko Milimani, miguu ikafa. Alikuwa amegeukia ukuta, chakula hataki, anasema heri angefia palepale. Niliogopa. Nikamwomba Agneta awe pacha wake.

"Jacinta, unataka niue wawili?"

"Nataka ushike simu, basi!" nikafoka.

Akarudia kushona. Namba yake nikampa Mathews hivyo hivyo, anichukie akitaka.

Juzi asubuhi nilikuwa kwa Agneta, chai bado haijachemka, simu yake ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua. Agneta aliganda. Kisha akaidaka kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

"Dorca, usikate! Nakuja!"

Simu yake hiyo kuukuu hupayuka, hata mimi nilimsikia mtu akipumua.

"Mama, mimi si Dorca," Mathews akasema polepole. "Lakini wewe njoo tu."