Mashua Iliyotakiwa Kupandwa Maua

Tarehe tisa Machi, Jumanne. Mawingu mepesi, upepo wa kupeperusha shati tu, bahari imetulia kama maji ya beseni. Siku kama hiyo mvuvi yeyote angeishukuru, lakini Sumaku aliiamkia amekunja uso. Ikimshinda siku nzuri namna hii, hatakuwa na cha kusingizia.

Jina la Sumaku alipewa na wavuvi wenzake, kwa jinsi samaki aina ya changu walivyokuwa wakimgandia kwenye ndoana wakati wengine wanavua magugu. Siku hizi walilitamka kwa kubenua midomo. Alikuwa amepasuliwa ngiri, kidonda kikatunga usaha, akarudishwa hospitali mara ya pili, na miezi ikapita akiwa mtu wa kitanda, dirisha na redio. Sasa daktari alikuwa amemruhusu kufanya kazi anayoiweza. Ni kazi gani anayoiweza, hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Binti yake alikuwa nesi, na alikuwa na msimamo wa manesi. Aliyachukua makasia ya baba yake, akayasimamisha nyuma ya kabati la nguo chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akamwahidi mwenye hoteli ya pale ufukweni kwamba mashua ataichukua yeye. Jana yake, wakati wa chakula, aliyasema yote mezani.

"Baba, kidonda chako nimekisafisha kwa mikono hii. Sitaki siku moja nije kukuokota baharini."

"Utaniokota vipi, na kuogelea hujui?"

"Ndiyo maana nasema sasa hivi. Haya, nakupa kesho. Siku moja. Uende na mama, yeye apige makasia, yeye ainue nanga, wewe usinyanyue kitu. Ukirudi na changu, makasia yako, na mwenye hoteli nitamjibu mwenyewe. Lakini awe changu wa kuenea sahani, si vidagaa vya kuchokozea paka. Ukirudi mikono mitupu, jioni watu wake wanakuja kuibeba mashua."

"Wakaifanyie nini?" Alikuwa anajua. Alitaka tu amsikie akilitamka.

Binti akashusha macho. "Wataijaza udongo. Wapande maua, pale mlangoni."

Mkewe Sumaku, fundi cherehani, alikuwa upande wa pili wa meza akikata uzi kwa meno. "Mimi hakuna aliyeniuliza kama makasia nayaweza," alisema. "Lakini nitakwenda. Nimechoka kuzungukwa na mtu ndani ya nyumba kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa."

Kwa hiyo asubuhi hiyo walishuka ufukweni wawili, mke kabeba makasia begani, mume kabeba kopo la vipande vya ngisi na kibao alichozungushia mshipi wake. Mwenye hoteli alikuwa mlangoni kwake na kipande cha chaki, anachora sakafuni mstari wa mahali pa kuiweka mashua.

"Za asubuhi, Mzee Sumaku! Usiikwaruze sana leo, nataka niipake rangi nyeupe."

"Chora, chora," Sumaku akamjibu bila kusimama. "Jioni utapata kazi ya kufuta."

Walipokwisha kuisukuma mashua majini, mkewe ndiye aliyesukuma na yeye akaambiwa asimame kando kama mgeni, Sumaku alikaa tezini, nyuma kabisa, uso kauelekeza baharini. Hakuwahi kukaa hapo maishani mwake. Miaka yote alikuwa yeye ndiye mpiga makasia, mgongo baharini, macho nchi kavu. Mkewe aliingiza kasia moja ndani mno na jingine akalipitisha hewani, na mashua ikaanza kuzunguka mahali pamoja.

"Mama wee, unapiga kasia au unatia pindo?"

"Ukinichekesha nitakurudisha nyumbani."

"Vuta yote mawili pamoja. Kama unavyokanyaga cherehani, usiwe na papara."

Hapo akaelewa, na mashua ikanyooka.

Walikuwa wanakwenda Jikoni. Ndivyo baba yake Sumaku alivyopaita mahali hapo, kwa sababu hapakukosekana kitu. Ni kipande cha mwamba chini ya maji, hakizidi ukubwa wa ua wa nyumba, na pande zote kimezungukwa na mchanga mtupu. Changu hupenda kingo za mwamba kama huo, wanatoka kuokota vidudu mchangani na kurudi kujificha. Juu ya maji huoni chochote. Unapapata kwa alama mbili za nchi kavu: tangi la maji la kiwanda cha barafu likae sawasawa juu ya mlango wa manjano wa bohari, na papo hapo ukuta wa shule uchomoze nyuma ya majabali. Alama hizo Sumaku alizijua kama anavyoujua uso wa mkewe.

"Niambie tangi likiukalia mlango," alisema.

"Bado... bado... limekaa."

Sumaku akageuza shingo. Kweli, tangi lilikuwa juu ya mlango kama kofia juu ya kichwa, na ukuta wa shule ulikuwa umechomoza. "Shusha nanga."

Alitia chambo, akaacha mshipi uteremke mpaka chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, ikagusa chini. Akaupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, akangoja. Changu habebi chambo kwa fujo. Anakidokoa, anakiacha, anakirudia, na mvuvi asiyejua anavuta mapema na kupandisha ndoana tupu. Lakini leo hapakuwa na cha kudokoa wala kurudia. Walikuja visamaki vya urefu wa kidole, wakala pembeni, wakaondoka. Akabadilisha chambo. Akabadilisha upande. Jua likapanda, na bado mshipi ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Ndipo hofu ikamwingia. Akakitazama kidole chake. Labda wakati wa kuugua kilipoteza hisia. Labda changu walikuwa wanadokoa hivi sasa na yeye hasikii. Alijibonyeza kwa ncha ya ndoana, akasikia maumivu, lakini hata hivyo hakutulia.

Mkewe alimwona. Akavuta subira kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tukirudi tupite sokoni tuchukue mmoja. Nani atajua?"

"Na keshokutwa nikavue wapi? Sokoni?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Nipe ile sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kunawia, iko chini ya kiti chako."

Chini ya chubwi yake palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole gumba. Sumaku alilijaza sabuni, akaishindilia, akaiteremsha mpaka chini, akaipandisha. Sabuni ilikuwa imegandwa na mchanga mweupe, laini, msafi kama unga. Akairudisha tena. Mchanga uleule.

Mtu mwingine angesikitika. Yeye alipiga paja kofi kwa furaha. "Jikoni hakuna mchanga wa namna hii! Jikoni ni vipande vya kombe na mawe. Si kidole changu, mke wangu. Tumekosea mahali!"

"Lakini tangi lilikaa juu ya mlango, nimeliona kwa macho yangu."

"Na mimi nimeliona." Akaligeukia tena, safari hii akalikazia macho. Lilikuwa tangi, halina kosa. Ila miguu yake ilikuwa mipya, inang'aa. "Lile tangi ni la lini?"

Mkewe akaweka mkono mdomoni. "La kiwanda cha barafu? Lile la zamani walilishusha, lilikuwa linavuja. Hili wameliweka upande wa lango. Ulikuwa umelazwa mara ya pili."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie habari za tangi, umelala na mrija puani? Ningeanza vipi? 'Pole mume wangu, na tangi nalo limehama'?"

Wakaangua kicheko mpaka Sumaku akajishika tumbo penye mshono na kumwomba mkewe anyamaze.

Kisha akapiga hesabu. Ukitazama nchi kavu, lango la kiwanda lilikuwa kulia na tangi la zamani lilikuwa kushoto. Basi wao walikuwa wamesukumwa kushoto mno, inabidi wasogee kulia bila kuupoteza ukuta wa shule. Ni kiasi gani, hakuna aliyejua. "Inua nanga," alisema. "Tutapapasa mpaka tupapate."

Ikawa kazi ya kuchosha. Mkewe anavuta makasia kidogo, Sumaku anashusha chubwi, anapandisha, anatazama sabuni. Mchanga. Wanasogea. Mchanga. Mkondo unawarudisha nyuma, wanaanza upya. Viganja vya mkewe vikatoka malengelenge. Alichana upindo wa kanga yake, akavifunga, akashika tena makasia. Nyumba yote ilikuwa imemhesabu kuwa mgonjwa. Huyu mmoja alikuwa akivuta.

Sabuni ikaja na chembe ya kombe, moja tu, ndogo kuliko kucha ya mtoto mchanga. Mbele kidogo zikaja tatu. Mara iliyofuata chubwi iligonga, kidole kikasikia mgongo mgumu wa jiwe, na sabuni ikapanda imekwaruzwa, imebakiza kipande cha tumbawe.

"Hodi Jikoni," Sumaku akanong'ona. "Shusha nanga taratibu. Usiwaamshe wenyewe."

Hakungoja sana. Kitu kilidokoa, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Sumaku hakuvuta. Kikadokoa tena, kikaacha. Mkewe alikuwa amebana pumzi. Mara ya tatu mshipi ulilegea kidogo, kwani changu alikuwa amekiinua chambo na kuondoka nacho, na hapo ndipo Sumaku alipovuta.

Samaki akaelekea chini, kwenye mwamba. Zamani Sumaku angesimama na kuinama naye. Safari hii aliegemea nyuma, akakandamiza miguu kwenye ubao, akavuta kwa mikono tu, pima baada ya pima, tumbo lake kalipumzisha. Changu alitokeza juu akimetameta, mdomo wazi, ndani mwekundu kama kitambaa cha bitana. Alienea sahani na mkia ukazidi.

Mara ya pili mshipi aliushika mkewe, kwa utani. Aliposikia kitu kinadokoa alitaka kuvuta, Sumaku akamshika kiwiko. "Ngoja. Ngoja... sasa!" Samaki wake akawa mkubwa kuliko wa mumewe, na habari hiyo aliirudia njia nzima.

Kabla ya kuondoka, Sumaku alitafuta alama mpya. Aliitazama nchi kavu sehemu baada ya sehemu, mpaka akaona mlango wa manjano umekaa chini ya dirisha la juu la hoteli, lile la buluu. Akatabasamu peke yake.

Ufukweni binti alikuwa akingoja, na mwenye hoteli, na vijana wawili wenye koleo. Binti hakutazama samaki.

"Fungua shati, Baba."

Akafungua. Binti aliinama, akabonyeza mshono huku na huku, akauliza kama unauma. Ndipo akamtazama mama yake na vile vitambaa viganjani, kisha akachungulia ndani ya mashua.

"Sitakwenda peke yangu," Sumaku alisema. "Nanga siiwezi. Hilo nimeliona mwenyewe."

"Basi makasia yabaki kwenu," binti akasema. Akamgeukia mwenye hoteli. "Samahani. Niliahidi kisicho changu."

"Na maua yangu?"

"Tafuta sufuria," alisema Sumaku. "Lakini nina ombi, jirani. Lile dirisha lako la juu, la buluu. Tafadhali usije ukalipaka rangi nyingine."

Kesho yake asubuhi mawingu yalikuwa yaleyale na bahari ileile, lakini Sumaku hakwenda kuvua. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, makasia mapajani, na kwa kigae cha chupa akaanza kukwangua mipini, akiipunguza unene. Kila baada ya muda alimwita mkewe atoke aijaribu kwa viganja vyake, na kila alipotikisa kichwa, Sumaku alikwangua tena.