Folda Isiyo na Mwenyewe

Niliapa kwamba mkasa huu nitazikwa nao, lakini kwa kuwa watu wa Muyinga wameshausimulia mpaka umefika Gitega kabla yangu, heri muusikie kwa mhusika, angalau mimi sitauongezea chumvi (iliyomo inatosha).

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kuandika maelekezo. Pale ofisini kwetu Mushasha, hapa Gitega, tuna programu inayochora diski ya kompyuta kama masanduku ya rangi, kinachokula nafasi kubwa kinapata sanduku kubwa, mtu akitazama mara moja anajua kilichoijaza. Patron wetu, bosi wa ofisi, akataka itumiwe pia na wakala wa akili bandia, yaani ile programu unayoiagiza kazi ikaifanya yenyewe, na kwa kuwa wakala haoni rangi, lazima aandikiwe kila kitu kwa maneno: soma hivi, linganisha hivi, hiki acha, hiki futa. Kazi nikapewa mimi, maana nilikulia Tanzania na wenzangu wanasema Kiswahili changu kimenyooka.

Nikaandika kurasa kumi na moja. Kufika ya kumi na mbili nilikuwa hoi, na palibaki swali moja tu, wakala atajuaje kipi ni takataka? Ningeweza kwenda kuwauliza watu wenye kompyuta zao. Badala yake nikaandika kwamba folda ambayo haijafunguliwa miaka mitatu haina mwenyewe, ifutwe, kisha kapu la takataka nalo lisafishwe (hiyo ya kapu niliongeza kwa sababu napenda usafi). Nikajaribu kwenye kompyuta yangu, zikafutika nyimbo nilizokuwa nimeshazisahau, nikaona kazi imekwisha, nikaenda zangu kula.

Wiki iliyofuata nikatumwa Muyinga, kwenye chama cha wakulima waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania kama familia yetu, ambao kompyuta yao moja ilikuwa imejaa haipokei hata picha. Wanachama karibu wote wakaja, wakatundika shuka ukutani, nikawasha projekta, nami nimevaa kitenge cha harusi ya dada yangu (sijui nilidhani naenda kuolewa). Katibu wao akaniuliza kwa upole kama si heri tuweke kwanza nakala pembeni. Nikamjibu kwamba hakuna haja, maelekezo nimeyaandika mwenyewe.

Wakala akaanza. Kwenye shuka sanduku kubwa jekundu likatoweka, nusu ya diski ikawa wazi, watu wakapiga makofi, na wa kwanza kupiga nilikuwa mimi. Ndipo ripoti ikatokea, imejaa shuka zima: imefutwa folda "Leonidas", haina mwenyewe, kwa mujibu wa maelekezo ya Espérance, ukurasa wa kumi na mbili. Espérance ni mimi.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka taratibu.

"Mwanangu, ile dosiye iko na mwenyewe. Hayuko hapa, lakini iko na mwenyewe."

Leonidas ni mwanawe, alivuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania kutafuta kazi, huu mwaka wa nne. Kabla ya kuondoka alipiga picha mipaka ya shamba lao, jiwe kwa jiwe, na video ya wazee watatu wakiuzunguka mpaka na kutaja majina yao, maana jirani analitaka lile shamba na kesi haijaisha. Karatasi hawana. Ushahidi wao wote aliuweka mle, kwenye kompyuta ya chama.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, nikarudia kwa Kirundi, nikarudia kwa Kifaransa, huku nafungua kapu la takataka. Lilikuwa tupu (si napenda usafi). Nikapakua programu ya kufufua mafaili, tena nikaiweka kwenye diski ileile, ikaenda kukalia hata kile kidogo ambacho kingeweza kufufuliwa. Katibu alikuwa anatazama dari, nadhani kwa heshima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitenge changu.

Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza nilizaliwa wapi, nikasema kambini, Tanzania.

"Alors, wakati mulirudi, mulikuta nini kwa shamba?"

Jibu alikuwa analijua. Tulikuta mtu amelima. Baba alisimama kilimani Bukirasazi akiambiwa kwamba tulikawia, kwamba shamba lililokaa miaka yote ile bila mtu kuonekana halina mwenyewe, na mimi mwenye miaka tisa nimemshika mkono, namchukia aliyesema vile. Sasa maneno yale nimeyaandika mimi, kwa Kiswahili kilichonyooka. Niliona aibu, nikakaa chini mbele ya watu wote.

Kesho yake nilipanda na mama kwenye kilima chao, na simu yangu, tukaanza upya. Kati ya wale wazee watatu amebaki mmoja. Pumzi zake ni fupi, tulipumzika kila baada ya hatua chache, na kati ya mawe saba tulifika la nne, akasema mengine siku nyingine.

Leonidas nilimpigia mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliuliza tu kama mzee ataweza kupanda tena.

Ukurasa wa kumi na mbili nimeuandika upya: wakala asifute kitu, amtafute mwenyewe, na asipompata amsubiri. Patron analalamika kwamba diski za watu zinabaki zimejaa. Zijae. Mimi kila Jumamosi naenda Muyinga, tumebakiza mawe mawili, na mzee ameanza kukohoa.